Pamba Hacheui

Dada Doto,

Kabla hata sijakuamkia, nina ombi. Haya nitakayokuandikia yabaki kwako, yote, lisitoke hata neno moja. Kama mama yuko karibu nawe huko mliko, usimsomee. Unamjua mama, habari haikuwahi kulala ndani yake hata usiku mmoja. Na zaidi ya wote, usimwambie Kulwa. Najua nakuomba jambo gumu. Ninyi mapacha hamkuwa na siri. Ulipoumwa jino hapa Geita, yeye kule Kharumwa alishinda ameshika shavu akiuliza watu Doto ana nini. Nakusihi ujizuie. Asiote chochote. Kulwa akijua yaliyotokea nyumbani kwangu wiki iliyopita, atapanda gari la kwanza aje kumchukua Milembe, nami sitakuwa na la kumjibu.

Shikamoo, dada.

Mwanao ni mzima. Nalitanguliza hilo ili usisome huku moyo uko juu kama nilivyoishi mimi siku zile. Yuko nje hapa, amekaa kwenye ngazi ya Mama Zawadi, mwenye nyumba wetu. Namsikia anaimba. Habari za mwenzake zitafuata, maana ndizo zilizonikalisha kuandika, na sitaki kuzirukia. Unajua nilivyo. Nikiwa na hofu lazima niandike kwa mpangilio, la sivyo herufi zinapanda mlima.

Mengi yamebadilika tangu tukuache kule Kharumwa. Meza yako ya dagaa sokoni ameichukua mama mmoja muuza kandambili. Mara ya kwanza nilipopita nikaona viatu vya bluu pale ulipokuwa unapanga visado vyako vya kupimia, nilipoteza njia ya kurudi ofisini, mimi niliyeishi mji huu miaka yote hii. Beseni lako kubwa ndilo la kumwogeshea Milembe. Tumelisugua kwa majivu na ndimu, na bado linanuka dagaa wa Nkome. Yeye anasema tusilisugue tena.

Mwanao hakulia, dada. Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha raha kuliko yote. Msibani watu wote walilia, na Kulwa alilia hadi wakamshika. Milembe alikaa pembeni na lile boksi la biskuti mapajani, Pamba akiwa ndani yake, naye akimpepea. Watu walinong'ona kwamba mtoto hajaelewa. Alielewa. Tuliporudi Geita alianza kusema kwa wingi. "Tunataka uji." "Tumechoka, mjomba." "Sisi hatutaki kulala huko." Nilimuuliza sisi ni nani, akanitazama kama mtu aliyeuliza jua linatokea wapi. Sisi ni yeye na sungura wake.

Kwenye kikao cha ndugu, Kulwa alimwomba mtoto. Alikuwa na haki ya kumwomba: ana nyumba, ana mume, ana ng'ombe wa maziwa. Mimi nina chumba kimoja na sebule ndogo hapa Kalangalala, sina mke, na baba yake mtoto hajulikani alifuata dhahabu ya wapi. Lakini Milembe alinishika suruali. Baba mdogo Masele akaamua akae kwangu kwa kuwa shule iko huku, kisha akaongeza mbele ya watu wote, "Nitakuja kutazama kama anakula." Maneno hayo nilirudi nayo Geita kama mtu aliyebebeshwa ndoo iliyojaa hadi ukingoni.

Basi alikuja. Ijumaa jioni nikamkuta amekaa na Mama Zawadi, koti lake la msibani mwilini, fimbo kati ya magoti, na gunia dogo miguuni. Ndani ya gunia kulikuwa na michembe ya mkono wa Kulwa, vipande vya viazi vitamu, imekauka vizuri, ukiivunja inalia. Milembe alifurahi sana. Alikula, na kila kipande alichokula alimgawia Pamba kipande. Mimi nilitazama nikafurahi pia. Nilijisemea baba mdogo anaona: mtoto anakula, mnyama anakula, nyumba imetulia.

Na hapo lazima nikueleze jambo jingine. Kiangazi mwaka huu kimekausha kila kitu. Nyasi za kando ya barabara zimegeuka nyekundu kwa vumbi la magari ya mawe, na kule nilikokuwa nachuma karibu na mfereji wamechoma moto. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikimpa Pamba pumba za mahindi nyingi na nyasi kidogo sana. Alizila kwa hamu, nikadhani hamu ni afya.

Jumamosi asubuhi niliamka nikafagia pembe yake kama kawaida. Sakafu ilikuwa safi. Dada, nilifurahi! Nilimwambia baba mdogo kwa majivuno kwamba siku hizi sungura amejifunza ustaarabu. Milembe akasema nyuma yangu, "Mjomba, leo hajatoa gololi." Unakumbuka ndivyo mlivyoziita, wewe na yeye, zile punje za mviringo, mkizisifia zikiwa kubwa na kavu. Nikamwambia labda atatoa baadaye.

Pamba alikuwa amekaa kwenye kona, amejikunyata, mgongo umepanda kama kilima, macho nusu wazi. Mdomo ulikuwa unakwenda. Baba mdogo aliinama, akaegemea fimbo, akamtazama kwa muda mrefu kama anavyotazama fahali wa kununua mnadani.

"Huyu ameshiba," akasema. "Tazama anavyocheua."

Nami nikakubali. Usinicheke. Wewe ulikwenda sokoni ungali mdogo, mimi nilibaki nyuma ya ng'ombe wa baba hadi sekondari. Ng'ombe wakirudi jioni, wakalala zizini, unachotazama ni taya. Taya likienda polepole, huyo mzima, unaweza kwenda kula. Taya likisimama, unamwita baba. Hayo yameingia mwilini mwangu kabla ya kusoma na kuandika. Nikamwona Pamba anasaga, nikatulia. Baba mdogo naye akatulia. Tulikaa pale watu wazima wawili, wana wa wafugaji, tukimsifia mnyama aliyekuwa anaumia mbele ya macho yetu.

Mchana Milembe alimpelekea giligilani. Wajua Pamba na giligilani. Alikuwa akiisikia harufu tangu uani, anakuja anaruka hadi anagonga mlango. Safari hii aligeuza kichwa. Mtoto akamwekea karibu na pua. Akahama hatua moja, akajilaza tumbo likibana sakafu ya saruji, akajinyoosha mbele na nyuma kama anayetafuta mahali palipo baridi, kisha akajikunyata tena. Maji yalikuwa palepale kwenye kopo.

Chakula kilipoiva, Milembe aliisogeza sahani yake katikati ya mkeka.

"Tumeshiba," akasema.

Baba mdogo alinitazama mimi, hakumtazama mtoto. Nilimbembeleza. Nilimpa wali, nilimpa ndizi, nikamtajia soda. Alisema Pamba akila watakula. Jioni akasema vilevile. Hakuwa na kiburi, dada, ndiyo maana niliogopa. Alisema kwa upole, kama anayenijulisha tu.

Jumapili asubuhi hakukuwa na kitu sakafuni ila punje mbili tatu ndogo kama mbegu za mchicha, zimeungana kwa unywele. Masikio ya Pamba yalikuwa ya baridi. Nilipiga magoti karibu naye na kwa mara ya kwanza nikausikia ule mdomo badala ya kuutazama. Krr, krr. Meno kwa meno. Hapakuwa na chakula baina yake. Ndipo sauti yako ikanijia, ile siku ulipotoka naye Nkome kwa yule mama mfuga sungura, nikakuuliza huyu mbona simwoni akicheua. Ulicheka hadi ungo wa dagaa ukakuponyoka. "Shija, huyu si ndama! Huyu hacheui kabisa. Ukimwona amejikunja anasaga meno kwa nguvu, jua kuna kitu kinamuuma." Na ukamlaza mapajani, ukaweka sikio ubavuni mwake, ukasema, "Njoo usikilize karasha." Niliweka sikio na kweli, mle ndani kulikuwa na mngurumo na mabubujiko madogo madogo, kama makarasha ya kusaga mawe yanavyosikika kutoka ng'ambo ya kilima. Tumbo la sungura, ulisema, halitakiwi kuzima.

Niliweka sikio. Nilizuia pumzi nisikie. Kimya, dada. Kimya kabisa.

Nilisema kwa sauti, nadhani nilipiga kelele, kwamba Pamba anaumwa tumbo. Hapo kila mtu akawa daktari. Mama Zawadi akaja na vidonge vya rangi mbili vilivyobaki alipoumwa kifua, akasema tuvifungue tumpe unga wake. "Mimi vilinisimamisha siku ya pili tu, itakuwa huyu mwenye ukubwa wa kiatu?" Baba mdogo akavua koti. Alipoelewa kwamba ni tumbo, akawa mtu mwingine, akawa yule anayeitwa boma kwa boma ng'ombe wakijaa upepo.

"Lete mafuta ya kula na chupa ya soda," akaniambia. "Na magadi kama yapo. Mshike kichwa juu, nimnyweshe."

"Baba, ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Ndama nimewanywesha kabla hujazaliwa. Leta chupa, ng'wanawane, mwanangu."

"Baba, samahani. Huyu si ndama."

"Kweli si ndama. Ni panya mwenye masikio, na wewe umesoma hadi unamwogopa. Mshike!"

Alikuwa ameshamnyanyua, amemgeuza tumbo juu, na Pamba alikuwa anapiga miguu hewani. Milembe alisimama ukutani. Alikuwa anamtazama babu yake kama alivyowatazama wale watu waliokubeba wewe kukutoa nyumbani. Sijui nilipata wapi mikono. Niliivuta ile mikono ya baba mdogo, mimi ninayeitwa Karani Samahani na wachimbaji pale ofisini kwa mnunuzi wa dhahabu kwa kuwa kila neno langu linaanza hivyo, nikamtoa Pamba mikononi mwa mzee wangu. Nilisema samahani pia. Nilisema samahani mara nyingi sana. Lakini sikumrudisha. Nilimtia kwenye boksi la biskuti, nikamshika Milembe mkono, tukatoka, na nyuma yetu nikasikia baba mdogo akimwambia Mama Zawadi, "Umeona? Mtoto wa kaka yangu amenipora mnyama mkononi." Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa ameshangaa.

Duka la dawa za mifugo lilikuwa limefungwa kwa kuwa ni Jumapili. Tuligonga. Nilimwona Milembe anagonga kwa viganja viwili huku midomo yake imekauka kwa kutokula, nikawaza Kulwa akituona hivi. Jirani wa duka akampigia daktari simu. Alikuja na nguo zake za kanisani, dada wa rika lako, akafungua mlango mmoja tu, akamweka Pamba mezani juu ya kitenge chake.

Aliuliza alichokula, nikataja pumba, nikataja michembe. Alitikisa kichwa polepole, akasema wanga mwingi bila nyasi ndio huzimisha tumbo la sungura. Alimshika masikio, akamtazama meno, akampapasa tumbo kwa vidole viwili viwili, na muda wote huo mimi niliangalia uso wake kama ninavyoangalia mizani.

"Tumbo limesimama," akasema. "Limejaa upepo, lakini halijawa gumu kama mpira. Lingekuwa gumu hivyo ningehofia limeziba, na ningekuambia usimlishe kitu. Ulimpa dawa yoyote?"

Nilimwambia kuhusu vidonge vya Mama Zawadi na mafuta ya baba mdogo. Akafumba macho kidogo.

"Vile vidonge vya watu vingemuua. Vinaua vijidudu vya tumboni mwake vinavyomsagia nyasi. Na mafuta, na chupa! Sungura hatapiki, kaka. Kikienda vibaya hakirudi, kinaingia kwenye mapafu. Nani amemwokoa?"

Milembe akanyoosha kidole kunionyesha mimi.

Daktari alimchoma sindano ya maumivu. Alisema maumivu ndiyo yanayomzuia kula, na kutokula ndiko kunakozidisha upepo, na upepo unaleta maumivu zaidi; lazima ukate mahali. Akanipa matone ya kuondoa gesi na bomba lisilo na sindano. Nyasi mbichi safi zitwangwe, zichanganywe na maji, apewe kidogo kidogo kwa pembeni ya mdomo, akiwa amekaa wima kwa miguu yake, ngoja ameze. Chupa ya maji ya uvuguvugu ifungwe kitambaa ilazwe kando yake. Asuguliwe tumbo taratibu, aachwe aruke ruke. Nilimuuliza kuhusu meno. Alisema, "Ukimkuna kichwa akasaga taratibu amejinyoosha, hiyo ni raha. Amejikunyata, anasaga hadi unasikia, hayo ni maumivu. Watu wengi wa huku wanadhani anacheua." Nilitazama chini.

"Atapona?" nikauliza.

"Sitakuahidi. Kesho asipotoa kitu mrudishe mapema. Hawa wakianza kwenda, wanakwenda haraka."

Alisema mbele ya mtoto. Sikumlaumu, lakini nilihisi mkono wa Milembe unalegea ndani ya wangu.

Siku ile nzima ilikuwa kutwanga nyasi. Baba mdogo alitupokea mlangoni. Aliondoka na panga, nikadhani ameamua kurudi Kharumwa kwa hasira, kumbe alikwenda mbali, hadi bondeni kwenye maji, akarudi na mzigo wa nyasi za kijani kama za masika. Aliuweka mlangoni. "Hizi ndizo anazokula mnyama mwenye tumbo," akasema, akakaa. Baadaye nikamwona amelala ubavu sakafuni, mzee yule, sikio lake ubavuni mwa Pamba, akisikiliza. Milembe alikuwa ameshamfundisha. Alipoinuka alitikisa kichwa. Bado.

Jumatatu ilibidi niende kazini. Mnunuzi wetu hasikilizi habari ya kuumwa ya karani, sembuse ya sungura. Shule ni likizo na Milembe alikataa kumwacha Pamba, nami sikuthubutu kumwacha Milembe ambaye tumboni mwake kulikuwa na maji ya sukari tu. Basi tulikwenda wote, tukipanga kumrudisha kwa daktari mara nitakapopata nafasi ya kutoka. Baba mdogo alibeba boksi. Aliketi kwenye benchi la wateja, Pamba mapajani ndani ya koti, chupa ya maji ya moto ubavuni, na Milembe pembeni akishika bomba.

Wachimbaji walianza kuingia na dhahabu zao kwenye vikaratasi. Unawajua ulimi wao.

"Karani Samahani, siku hizi mnanunua na mboga?"

"Mzee, huyo ukimpiga nazi uniite."

"Sisi tunaleta mawe, wenzetu wanaleta nyama. Ana karati ngapi huyo?"

Baba mdogo hakuinua macho. Alisema tu, "Ni mgonjwa. Ni wa mtoto huyu. Mama yake alikufa." Kicheko kikakatika. Mmoja wao, kijana mrefu mwenye tope hadi magotini, akachuchumaa akauliza anaumwa nini. Milembe akamweleza, kwa utaratibu, kama wewe ulivyokuwa unaeleza: hatoi gololi, masikio baridi, karasha limezima. Akamwekea kijana yule bomba mkononi amshikie. Nami nilipima, niliandika, nilipima, nikikosea nafuta, nikisikiliza nyuma yangu tu. Sijawahi kufanya kazi vibaya namna ile na sijui nilivyoepuka kuharibu.

Wale waliokwisha kulipwa hawakuondoka. Walisimama. Baba mdogo alikuwa anasugua tumbo la Pamba kwa kidole gumba, akikizungusha taratibu, macho ameyafumba. Halafu akayafumbua. Akaweka sikio.

"Shija," akasema. "Linanguruma."

Kisha akatazama koti lake. Juu ya lile koti la msibani kulikuwa na gololi moja, ndogo, yenye mkia kidogo wa manyoya. Halafu ya pili. Halafu zikaja zimefuatana.

"Amekunya!" Baba mdogo alipaza sauti kama anayeita kijiji. "Karani, amekunya! Njoo uone mavi!"

"Duara limetema!" akapiga kelele yule kijana mrefu, na wote wakaitikia, limetema, limetema, wakigonga ukuta, kama wanavyofanya chini ya ardhi shimo lao likianza kuonyesha dhahabu. Mnunuzi akafungua mlango wa ndani. Nilisimama. Nilijua kazi imekwisha. Alitazama watu, akatazama mzee, akatazama kile kilichokuwa kwenye koti. "Mtafagia wenyewe," akasema, akafunga mlango.

Pamba alivuta ubua mmoja wa nyasi. Aliutafuna hadi ukaisha, akatafuta mwingine.

"Tuna njaa," akasema Milembe.

Mtu alikuwa na chapati kwenye gazeti. Mwanao aliila yote, kwa mikono miwili, bila kuinua uso. Alipomaliza alibaki ameshika lile gazeti tupu, na mabega yakaanza kutikisika. Aliita mama. Alikuita wewe, dada, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na akaita tena, na tena. Wale wanaume walikumbuka wote kwa pamoja kwamba wana shughuli nje. Nilikaa sakafuni nikampakata, makaratasi ya watu yakaning'inia mezani bila kuandikwa. Sikumnyamazisha. Nilikuwa nimengoja kilio kile tangu tulipokuzika, na kilipokuja nilitaka kukimbia, lakini nilikaa.

Pamba anaendelea vizuri. Baba mdogo alibaki siku nyingine mbili hadi gololi ziliporudi kuwa kubwa na kavu, ndipo akaondoka. Stendi alinishika bega. "Nilitumwa nitazame kama mtoto anakula. Nitawaambia anakula." Kisha akatazama huku na huku. "Ile habari ya michembe, ng'wanawane, tuiache hapa Geita. Kulwa aliikata kwa mkono wake, akilia. Asijue. Na ile habari ya kucheua..." Hakumaliza. Alipanda gari. Ndiyo maana nakusihi unyamaze: Kulwa akisikia atakuja kumchukua mtoto, na hata asipomchukua, atajuta kwa zawadi aliyoitoa kwa upendo.

Sasa nakuaga, dada, na hii ndiyo ahadi yangu. Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla ya kumwamkia mtu, natazama sakafu. Nikiikuta safi sifurahi tena. Atakula nyasi kwanza hata kama itabidi nizifuate bondeni, na pumba zitakuwa kidogo tu. Akikataa jani analolipenda, akijikunyata, akibana tumbo sakafuni, akisaga meno, masikio yakipoa, sitangoja mchana. Na mwanao nikimwona anasogeza sahani katikati ya mkeka, sitangoja vilevile. Hilo naliandika kwa mwandiko wangu mzuri ili usipate shida kulisoma. Lala salama, Doto. Tumekukumbuka sana nyumbani.

Ukitaka kunifikia, usitumie simu yako. Bado iko hewani, Milembe anaichezea, na jina lako likitokea kwenye yangu nitakufa kwa hofu kabla ya kupokea. Wala usije ofisini, wale wachimbaji watakuuliza maswali. Njoo nyumbani Jumapili mchana watu wakiwa kanisani. Pitia mlango wa uani, ule wa mbele unabana na ukiusukuma unapiga kelele. Usibishe hodi, Pamba hushtuka, na akishtuka hali. Milembe anakuwa amelala upande wa ukutani. Mkae naye kwanza, kadiri mtakavyo. Mimi nitakuwa uani nazianika nyasi, nitajifanya sijakuona mpaka uniite.

Mdogo wako,
Shija